Kutoka Jukwaani hadi Chumba cha Ushauri Nasaha: Shajara ya Mradi, 2020–2025

## Septemba 2020: Hali ya kuanzia

Shajara hii ni ya waigizaji wenzangu wanaofikiria kuingia katika saikolojia na ushauri nasaha. Nitaongeza sehemu kila hatua inapokamilika, nikieleza nilichojaribu, kilichoshindikana na fedha zilizotumika. Wateja hawatasimuliwa humu hata kwa majina ya kubuni. Nitakachoandika ni upande wangu wa kazi, pamoja na maneno ya wenzangu wa mafunzo walioniruhusu kuyaandika.

Nina umri wa miaka 34, naishi Nairobi, na riziki yangu imetokana na kazi tatu: kuigiza vitabu teule vya fasihi ya Kiswahili katika shule za upili, kutia sauti ya Kiswahili katika tamthilia za kigeni za runinga, na nafasi ndogo katika vipindi vya humu nchini, ambako watu wamenizoea kama mama wa kambo katili. Iliyokuwa ikilipa kodi ya nyumba ni hiyo ya kwanza. Kundi letu lilikodi matatu, likapakia mapazia na masanduku ya mavazi, likaigiza asubuhi katika bwalo la shule moja na alasiri katika shule nyingine, huku wanafunzi wa kidato cha nne wakiwa wameketi kwenye viti walivyobeba wenyewe kutoka darasani. Jioni kiongozi wa kundi alitugawia malipo kwa M-Pesa kabla hatujafika mjini. Serikali ilipofunga shule katikati ya Machi 2020 kwa sababu ya korona, maonyesho yote tuliyokuwa tumeagizwa yalifutwa, na kumbi za burudani zikafungwa vilevile.

Ningeweza kuingia katika biashara ya mitumba kama walivyofanya wenzangu kadhaa, na sioni aibu yoyote katika hilo. Kilichonielekeza kwenye ushauri nasaha ni jambo lililokuwa likijirudia kila msimu: tulipokuwa tukikunja mapazia, wanafunzi wawili watatu walibaki nyuma wakijifanya wanauliza swali la maudhui, kisha swali likageuka kuwa la nyumbani kwao. Jibu pekee nililokuwa nalo ni kuwaambia wamwone mwalimu wa ushauri nasaha, ambaye katika shule nyingi ni mwalimu mwenye vipindi kamili vya kufundisha aliyeongezewa jukumu hilo juu ya mengine.

Akiba iliyopo kwenye Sacco ni shilingi 96,000. Lengo ni kupata stashahada, kumaliza mazoezi ya kazi yanayosimamiwa, kusajiliwa, na kuendelea na kazi ya sauti ili ilipe karo.

## Januari 2021: Kuchagua chuo

Kenya ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, iliyounda Bodi ya kuwasajili na kuwasimamia watu wa taaluma hizi. Kwa hiyo cheti cha semina ya siku chache, ambacho waigizaji wengi tunacho kutokana na miradi ya uhamasishaji kuhusu Ukimwi, hakimpi mtu ruhusa ya kujiita mshauri nasaha. Gredi yangu ya KCSE, mtihani wa mwisho wa shule ya upili, ni C. Shahada huhitaji C+ na stashahada C-, basi njia ikajichagua yenyewe: stashahada kwanza, kisha shahada kwa kuhamisha masomo niliyokwisha kusoma.

Chuo cha kwanza nilichojiandikisha kilikuwa orofani karibu na steji ya matatu, kina karo nafuu, na leseni yake ya TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya kiufundi, imetundikwa ukutani ndani ya fremu. Leseni ile ilikuwa halali, ila orodha ya kozi zilizoidhinishwa ilikuwa karatasi nyingine, na ndani yake mlikuwa na ukatibu, kompyuta na usimamizi wa hoteli. Ushauri nasaha haukuwemo. Nilikuwa nimekwisha kulipa 18,000 ya awali, na baada ya kufuatilia kwa miezi kadhaa nilirudishiwa 6,000.

Anayefuata njia hii na aulize mambo matatu kabla ya kutoa hata shilingi: kama chuo kimesajiliwa, kama kozi yenyewe imeidhinishwa, na ni nani atakayetahini na kutoa cheti. Vyuo vya kiufundi huulizwa TVETA, vyuo vikuu huulizwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Swali la nne linahusu fedha: je, karo inajumuisha usimamizi wa mazoezi ya kazi, au msimamizi utamlipa mwenyewe? Nilikuta karo mbili zinazotofautiana kidogo tu kwenye karatasi, lakini moja ilimwachia mwanafunzi gharama yote ya usimamizi.

Chuo nilichokichagua hatimaye kinatoza 28,000 kwa muhula, mihula sita, kwa masomo ya jioni na Jumamosi.

## Februari 2022: Nadharia, na maabara ya stadi

Nadharia hazikunipa taabu kubwa, na sitazirefusha hapa. Freud, Piaget, Erikson, tiba ya fikra na tabia, ukuaji wa mtoto, maadili ya taaluma, takwimu za mwanzo. Mwigizaji aliyezoea kuhifadhi mswada wa kurasa 90 atahifadhi pia hatua nane za ukuaji za Erikson. Takwimu zilihitaji mwalimu wa ziada.

Taabu ilikuwa mahali nilipotarajia wepesi. Stadi hufunzwa katika vikundi vya watu watatu: mmoja ni mshauri, mmoja ni mteja anayeleta jambo lake la kweli lisilo zito mno, na mmoja ni mtazamaji anayeandika. Gerard Egan, ambaye mafunzo yake husomwa sana vyuoni, anataka mshauri amwelekee mteja, asijikunje, ainame mbele kidogo, amtazame, na awe ametulia. Nilifanya yote hayo kwa ukamilifu, na mtazamaji akanipa alama za juu. Kisha aliyekuwa mteja akasema, “Ulifanya vizuri sana, dada, lakini mimi nilikuwa nakutazama wewe.” Mwingine, wiki iliyofuata, alieleza kwamba alipunguza makali ya habari yake kwa sababu uso wangu ulionekana kuumia, naye hakutaka kuniongezea.

Nimelitafakari jambo hili kwa muda mrefu, na naamini ndipo penye kiini cha mradi wote. Jukwaani huruma sharti ionekane hadi kwa mtu aliyekaa kiti cha nyuma kabisa, na mwili wa mwigizaji hufunzwa kwa miaka kuitoa nje. Katika chumba ambamo watu wawili wameketi umbali wa mita moja na nusu, huruma ya kipimo hicho humgeuza mteja kuwa hadhira: huanza kuushughulikia uso wa mshauri badala ya jambo lililomleta. Carl Rogers, mwanasaikolojia Mmarekani, alipoeleza mwaka 1957 masharti ya mabadiliko katika tiba, alitaja uelewa wa hisia za mteja, ukweli wa nafsi ya mshauri, na kumthamini mteja bila masharti. Sharti la pili ndilo linalotusumbua sisi waigizaji, kwa kuwa tunaweza kulionyesha bila kuwa nalo.

Msimamizi wangu alinipa zoezi ambalo nalipendekeza kwa kila mwenzangu. Rekodi mazoezi kwa simu, kwa idhini ya mwenzako, kisha sikiliza sauti bila kuangalia picha, na baadaye angalia picha bila sauti. Katika sauti nilijikuta nikishusha na kupandisha maneno kama ninayesoma tamthilia ya redio. Katika picha nilijiona nikibadilisha uso nusu sekunde kabla mteja hajamaliza sentensi, maana yake nilikwisha kuamua anakoelekea. Kwa wiki kadhaa niliruhusiwa kufanya jambo moja tu: kurudia kiini cha alichosema mteja kwa maneno machache, kwa sauti ya kawaida, mikono ikiwa mapajani.

Ukimya ulikuwa tatizo la pili. Mwigizaji anapousikia ukimya ambao haumo katika mswada hujua kwamba mwenzake amesahau maneno, na wajibu wake ni kumwokoa. Tulipotakiwa kuandika mazungumzo neno kwa neno, mistari yangu ilikuwa mirefu kuliko ya mteja, na mingi ilikuwa ya uokoaji wa aina hiyo. Dawa iliyofaa ni ndogo: kutoa pumzi yote kabla ya kujibu, kwa sababu mtu hawezi kusema akiwa hana pumzi. Mara nyingi mteja huendelea mwenyewe kabla sijavuta nyingine.

Tulirekebisha pia kanuni ya macho. Kumkazia macho mtu aliyekuzidi umri, hasa ukiwa mwanamke mbele ya mzee, huku kwetu huhesabiwa utovu wa adabu, na wanafunzi waliofuata maandishi ya Egan bila kufikiri waliwafanya wazee kuinama. Viti sasa naviweka kwa pembe, ili kila mmoja apate pa kupumzisha macho.

Kwa haki ya taaluma yangu ya zamani, yapo yaliyosaidia tangu siku ya kwanza. Nasikia pumzi ya mtu inapobadilika, nakumbuka maneno aliyotumia bila kuhitaji kuandika mbele yake, na sauti yangu haichoki. Hata hivyo, kusoma yaliyofichika chini ya maneno, ambako ndiko tunakojivunia, kuna mtego: mwelekezi hutulipa kwa kuamua mhusika anamaanisha nini, ilhali mteja sharti aulizwe.

## Juni 2022: Kuketi upande wa pili

Chuo hudai kila mwanafunzi apate ushauri nasaha wake mwenyewe kwa mtu asiye mwalimu wake. Mshauri niliyempata alinitoza bei ya mwanafunzi, 1,500 kwa kikao.

Vikao vya mwanzo havikuzaa kitu, ingawa vilikuwa vitamu. Nilikuwa nikipanga simulizi ndani ya matatu, na nikifika nazitoa zikiwa na mwanzo, kilele na mwisho. Mshauri alisikiliza kwa wiki kadhaa, kisha akauliza ni lini ningemletea jambo ambalo sijajua linakoishia. Tulikubaliana nianze kila kikao kwa kueleza hali ya mwili tu: mabega, tumbo, usingizi wa jana. Njia hiyo iliharibu usimulizi wangu kabisa na ndiyo iliyofungua mazungumzo. Kwa mwigizaji, gharama hii ya 30,000 kwa jumla isipunguzwe hata kama karo inabana. Mimi nilichukua mkopo mdogo wa chama kuilipia.

## Julai 2023: Mazoezi ya kazi

Nilifanya mazoezi katika kituo cha afya mashariki mwa Nairobi. Sehemu kubwa ya kazi ya mwanafunzi pale ni kupima kiwango cha sonona kwa dodoso la PHQ-9, lenye maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita. Kila swali hujibiwa kwa ngazi nne, kuanzia “hapana kabisa” hadi “karibu kila siku”, na jumla huanzia 0 hadi 27. 10 na kuendelea humaanisha mtu achunguzwe zaidi. Wateja wengi hawasomi dodoso wenyewe, husomewa.

Msimamizi wa kituo aligundua kwamba alama za watu niliowasomea mimi zilikuwa juu kuliko za mwanafunzi mwenzangu aliyeketi chumba cha pili. Alipokaa nami aliisikia sababu mara moja: neno “kukata tamaa” nililitamka kwa uzito wake wote, na “karibu kila siku” nikalipa mteremko wa mwisho wa sentensi, hivi kwamba jibu hilo lilisikika kama jibu linalotarajiwa. Sauti iliyofunzwa kubeba maana ilikuwa inamjibia mteja. Marekebisho yalikuwa mawili. Kwanza, nilifanya mazoezi ya kusoma ngazi zote nne kwa urefu na kimo kimoja cha sauti, jambo gumu kuliko linavyosikika kwa mtu aliyelipwa kwa miaka kufanya kinyume chake. Pili, tulichapisha kadi kubwa yenye ngazi nne ili mteja aguse jibu kwa kidole. Tofauti kati ya vyumba viwili ilipungua, na kadi hiyo sasa hutumika katika vyumba vyote vya kituo.

Nilijifunza pia kutolifanya dodoso kuwa mazungumzo. Watu wengi huanza na mwili: kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio, mgongo unawaka, halafu ndipo huja “mawazo mengi”. Nikikimbilia swali la kwanza kabla ya kusikia habari za mgongo, majibu yanakuwa mafupi na ya adabu.

Tatizo la uso unaojulikana lilijitokeza hapa kwa uzito wake. Wapo wateja wanaonitambua kama mama wa kambo wa runingani. Baadhi hucheka na kulegea. Wengine, hasa vijana, hujikunja. Mwanzoni nilisubiri mteja alitaje jambo hilo mwenyewe, na matokeo yake likabaki chumbani bila kusemwa. Sasa nalisema ndani ya dakika za kwanza, baada ya kueleza usiri na mipaka yake: kwamba huenda amewahi kuniona nikiigiza, kwamba yule si mimi, na kwamba akipenda kuhudumiwa na mtu mwingine nitampangia leo hii bila kumuuliza sababu. Wanaoomba kuhamishwa ni wachache, lakini uhuru wa kuomba huonekana kuwasaidia hata wanaobaki.

Jambo moja la jukwaani lilihamia kliniki likiwa zima. Baada ya onyesho lenye mhusika mzito, mwigizaji mzuri huvua mavazi, hunawa uso, hutaja jina lake na kuutikisa mwili kabla ya kutoka. Baada ya kikao nabadilisha viatu, nanawa mikono hadi viwikoni, na naandika muhtasari wangu kabla ya kugusa simu. Wanafunzi waliotoka fani nyingine walikuwa wakienda nyumbani na wateja wao vichwani.

## Oktoba 2023: Tangazo la kamari

Kampuni moja ya kamari ilikuwa ikitumia sauti yangu katika matangazo ya redio tangu kabla ya mafunzo, na mkataba ulipofika ukingoni iliomba kuuongeza kwa shilingi 60,000. Wakati huohuo, katika chumba cha kusubiria cha kituo, redio iliyowekwa juu ya kabati la faili huwa wazi mchana kutwa, na madeni ya kamari ni miongoni mwa mambo yanayoletwa sana na vijana wa kiume. Ilikuwa inawezekana kabisa mtu anisikie nikimwita acheze, kisha dakika kumi baadaye aketi mbele yangu.

Niliukataa mkataba huo. Wenzangu wawili wa kazi ya sauti waliniona mjinga, na kwa kipimo cha karo ya mihula miwili walikuwa na hoja. Kwa anayefuata njia hii, ushauri wangu ni apitie mikataba yake yote ya matangazo kabla ya kuanza mazoezi ya kazi, kwa sababu baadhi huruhusu kampuni kuendelea kurusha sauti baada ya muda wa kurekodi kwisha. Wangu ulikuwa na kifungu hicho. Matangazo ya zamani yaliendelea kusikika hadi Januari, na kwa miezi hiyo tuliiweka redio ya kituo kwenye idhaa isiyo na matangazo hayo.

## Juni 2024: Maigizo shuleni kwa utaratibu mpya

Nilipata stashahada mwishoni mwa 2023, na sehemu hii ndiyo niliyoisubiri. Historia yake ni ndefu: Jacob Levy Moreno, daktari aliyezaliwa Bucharest mwaka 1889, alianza na maigizo ya papo kwa papo jijini Vienna katika miaka ya 1920, akahamia Marekani, na huko akajenga tiba ya maigizo ya nafsi. Augusto Boal wa Brazil alikwenda njia nyingine: hadhira husimamisha onyesho, mtu huingia jukwaani na kujaribu suluhisho lake mwenyewe. Kazi ya Moreno ni tiba na huhitaji mafunzo ambayo bado sina. Ya Boal niliiona salama, kwa kuwa waigizaji wa Kenya tumekuwa tukifanya mambo yanayofanana nayo mitaani na vijijini kwa miaka mingi.

Jaribio la kwanza lilifanyika katika shule ya upili ya kutwa, bwalo zima likiwa limejaa. Tulionyesha familia ambayo baba ni mlevi, tukawaalika wanafunzi waingie. Aliyeingia aliacha kuigiza ndani ya dakika moja. Alikuwa anasema na baba yake halisi, na wanafunzi wenzake walikuwa wakicheka. Nilisimamisha onyesho na tukamhudumia kando, lakini mwalimu wa ushauri nasaha siku hiyo alikuwa amesafiri na timu ya mpira, hapakuwa na chumba kilichotengwa, wala hapakuwa na makubaliano kuhusu nani aarifiwe. Onyesho lilifungua jambo ambalo shule haikuwa na njia ya kulipokea.

Tulirudi mezani kwa muhula mzima kabla ya kujaribu tena. Utaratibu wa sasa ni kama ifuatavyo, na yeyote anaruhusiwa kuutumia. Hadhira ni darasa moja, haizidi. Kisa huwekwa mbali kidogo na maisha ya wanafunzi, kwa mfano katika kijiji cha wavuvi kwa shule ya mjini, ili pawe na umbali wa kisanaa unaomruhusu mtu kufikiri. Anayeingia jukwaani hupewa kitambaa cha mhusika na jina la mhusika. Akitoka hukivua, husema jina lake na jambo moja linalomtofautisha na mhusika yule. Washauri nasaha wawili huketi nje ya darasa kwa saa mbili baada ya onyesho. Kabla ya siku yenyewe tunakuwa na idhini za wazazi, jina la mwalimu atakayekuwapo, kituo cha afya cha karibu, afisa wa watoto wa eneo hilo, na namba 116 ya Childline Kenya ikiwa imebandikwa mahali panaposomeka bila mtu kuonekana anaisoma; mlango wa choo kwa upande wa ndani umefaa kuliko ubao wa matangazo.

Palibaki suala la usiri. Mwalimu mkuu wa shule ya pili aliniita ofisini baada ya maonyesho, akanikaribisha chai, akaomba orodha ya waliokuja kuzungumza nasi.

“Madam, hawa ni watoto wangu. Nitawasaidiaje nisipowajua?”

“Mwalimu, mtoto akiwa hatarini nitakuja kwako leo hii na kwa afisa wa watoto. Wengine wakijua kwamba majina yanafika mezani kwako, muhula ujao hatapatikana hata mmoja.”

Hakufurahi, na sikumlaumu, kwa kuwa mzazi akifika shuleni kwa hasira atamkuta yeye, si mimi. Tangu wakati huo makubaliano huandikwa na kutiwa sahihi kabla ya onyesho: shule hupewa idadi na aina ya matatizo bila majina, isipokuwa pale ambapo mtoto yumo hatarini.

## Februari 2025: Swali la tisa

Swali la tisa la PHQ-9 huuliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Hadi mwaka huu kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na hofu ya polisi ilikuwa ikisikika katika namna watu walivyotazama kalamu yangu tulipofika hapo. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba.

Nimebadilisha maneno ya utangulizi. Zamani nilieleza usiri kwa jumla. Sasa, kabla ya swali la tisa, nasema wazi kwamba nauliza kwa ajili ya usalama wake na kwamba jibu haliendi kituo cha polisi. Kisha nauliza kwa sauti ileile niliyoulizia usingizi na hamu ya kula. Jibu likiwa ndiyo, tunaandika pamoja mpango wa usalama: dalili za hatari, jamaa wa kupigiwa simu, vitu vya kuondolewa nyumbani na nani atakayeviondoa, na kituo cha kwenda usiku. Habari za hukumu hazijawafikia wengi, na bado wapo wanaoniomba nisiandike.

## Septemba 2025: Hesabu na hatua iliyobaki

Tangu mwanzo hadi leo nimetumia shilingi 295,000: karo 168,000, amana iliyopotea 12,000, ushauri wangu mwenyewe 30,000, usimamizi wa ziada wa mazoezi 24,000, nauli 40,000 kwa makadirio, vitabu na nakala 14,500, na nyaraka, pamoja na cheti cha nidhamu njema kutoka kwa polisi, 6,500. Mapato niliyoyaacha siyahesabu humo. Kazi ya sauti ililipa zaidi ya nusu, akiba ya Sacco ilikwisha mwaka wa kwanza, na deni la chama nimelimaliza Machi.

Nimejiunga na Kenya Counselling and Psychological Association, na nyaraka za usajili nimezipeleka kwa Bodi. Kituo cha afya kinanilipa posho kwa siku tatu za wiki. Maonyesho ya vitabu teule nimeyaacha, ingawa bado yanalipa. Mtihani wa mwisho wa KCSE wa mfumo wa elimu wa 8-4-4, unaoondolewa, utafanyika 2027, na makundi yote yanajua kwamba baada ya hapo soko litabadilika. Wanaoanza leo wasitegemee msimu huo kulipia karo ya shahada.

Chuo kikuu kimekubali kuhamisha sehemu ya masomo ya stashahada, hivyo naingia mwaka wa pili wa shahada ya saikolojia kwa karo ya 58,000 kwa semesta. Walikataa kuhamisha takwimu, na nitazisoma upya. Mafunzo ya tiba ya maigizo yenyewe yatasubiri shahada, kwa sababu gharama zake pamoja na safari zinazidi kila kilichoorodheshwa hapo juu. Shule mbili zimeomba maonyesho ya muhula wa tatu. Moja imetia sahihi makubaliano ya usiri, nyingine ingali inajadiliana na bodi yake, na haitapangiwa tarehe kabla ya sahihi hiyo. Sehemu inayofuata itaongezwa semesta ya kwanza itakapokwisha.